Kamba ya Tjark

Panga la juu halina injini. Watu hawaamini.
Nawaambia: injini iko nyuma, kazi yake kusukuma,
hili la juu huzungushwa na upepo unaopita,
upepo tu, kibarua asiyedai ujira.
Injini ikizimika huko juu hatudondoki kama jiwe,
panga linaendelea, nasi twashuka taratibu
mfano wa zile mbegu zenye bawa moja
ziangukazo vuli kwenye ua wa kanisa.

Mimi Geske binti Habbo, fundi wa jairokopta,
kiwanja cha nyasi nje ya Emden:
kwanza tunafukuza kondoo, ndipo turuke.
Jumamosi huja daktari wa meno
aliyefiwa na mkewe mwezi wa Machi.
Hulipia dakika ishirini, hukaa kiti cha mbele,
tukapita juu ya mifereji na vinu vya umeme
hadi pale matope na bahari yasipojua mpaka wao.
Akishuka, nywele timutimu, mashavu mekundu.
Haongei. Hunywa kahawa.
Hulipia tena.

Ukutani mwa karakana ipo picha moja:
Tjark, ami yake babu, miaka ishirini na miwili,
ameketi juu ya kishada cha chuma,
mapanga matatu, usukani, kiti cha kitambaa,
injini hakuna kabisa.
Nyambizi ilimvuta kwa waya,
mita mia juu ya maji, simu sikioni,
atafute moshi wa meli za watu
wenziwe wakazizamishe.
Barua yake moja tunayo. Haisemi lolote la vita.
Inasema: *huku juu kimya, mama, na naona mbali mno.*

Ndege ya adui ikitokea, nyambizi huzama.
Kumvuta mtu chini huchukua dakika kumi;
kuzama, nusu dakika.
Hesabu yenyewe hata mtoto anaiweza.
Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.
Hii ilikatwa penye unene, kwa shoka,
na mtu aliyekula naye mkate asubuhi ile.

Jumanne alikuja Bwana Rübsam, viatu safi,
akatandaza mchoro juu ya meza yetu ya gundi.
Anataka kumi na mbili.
Injini kubwa zaidi, kamera tumboni,
na kulabu nne chini ya kiti.
"Za nini?" nikauliza.
"Za mizigo."
Baba akazihesabu kwa kidole chenye grisi,
moja, mbili, tatu, nne,
akaacha alama nyeusi juu ya kila moja.
"Na rubani?"
"Rubani hayupo, mzee. Itaendeshwa kutoka chumbani."
Baba akatazama ukuta.
"Basi hakuna wa kukatiwa kamba," akasema.
Bwana Rübsam akacheka, akadhani wamekubaliana.
Mimi mpaka leo sijui
kama ilikuwa faraja ile, au matanga.

Paa la karakana linavuja sehemu tatu.
Benki imeandika mara mbili, mara ya pili bila salamu.
Mchoro upo chini ya kopo la misumari.
Sijautia sahihi. Sijauchana pia.

Jana jioni nilimrusha tena daktari.
Juu ya mfereji nikapunguza moto wa injini,
nikamsikilizisha panga peke yake:
fyu, fyu, fyu, kama mtu anayepuliza chai.
Tukatua. Alitaka kufungua mkanda, nikamzuia,
panga lilikuwa bado linazunguka.
"Mbona halisimami?"
"Ngoja," nikamwambia, na tukangoja,
kondoo wakianza kurudi,
na yeye, bila kugeuka, akauliza
kama wiki ijayo naweza kumwachia usukani.